Diski Mbili Zinatosha Kuanza

Jirani yangu alikuwa na fedha ya diski mbili. Aliikusanya kidogo kidogo tangu mtoto wake azaliwe, na mtoto alikuwa ametimiza miezi minane. Picha zote za mtoto huyo, video ya siku ya kutoka hospitali, sauti yake akicheka kwa mara ya kwanza, vyote vilikuwa kwenye simu moja iliyopasuka kioo pembeni. Akaenda Kariakoo kuulizia kisanduku cha kuhifadhia data nyumbani. Fundi akamwambia, "Usianze na mbili, kaka, utapoteza nusu ya nafasi. Subiri zitimie nne zinazofanana tukufungie RAID 5. Ukitaka kuongeza, utaongeza baadaye." Akarudi nyumbani kusubiri zitimie nne.

Mtu akijenga Goba au Mbagala, hakuna anayemwambia asubiri mpaka awe na fedha ya bati. Anachimba msingi, anainua vyumba viwili, anahamia, na juu ya nguzo anaacha nondo zikichomoza kwa ajili ya ghorofa atakayojaliwa siku nyingine. Ndivyo tunavyojenga, na nyumba zinasimama. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akitaka kuhifadhi picha za wanawe anaambiwa alete kila kitu siku moja, tena vyote vya saizi moja.

Ushauri wa fundi yule umeenea kiasi kwamba hakuna tena anayeuhoji. Wenye maduka wanautoa. Vijana waliosomea kompyuta wanautoa kwa istilahi nzito zaidi, wakikutajia RAID 6 au RAIDZ2 badala ya RAID 5, lakini msingi wao ni uleule: kuweka nakala kamili kwenye diski mbili pacha ni ubadhirifu, na mwenye akili anatawanya data zake kwenye diski nyingi kwa pamoja ili apate nafasi kubwa. Nasema kwa nyumba ushauri huo ni mbaya. Unamwacha mtu bila ulinzi wowote wakati mfukoni ana fedha inayotosha kumlinda leo.

Tuwekane sawa kuhusu tunachokizungumzia. Diski pacha ni rahisi kueleza: kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine ina kila kitu. RAID 5 inafanya kazi kwa hesabu. Fikiria diski tatu. Ya kwanza imeandikwa 7, ya pili imeandikwa 5, na ya tatu inatunza jumla, yaani 12. Ya pili ikifa, unachukua 12, unatoa 7, unapata 5 yako. Mashine yenyewe hutumia hesabu ya biti isiyo kujumlisha kwetu kwa kawaida, na jumla haikai kwenye diski moja bali huzungushwa kwenye zote, lakini kanuni ni hiyo. Ni ubunifu mzuri sana, na sina ugomvi na ubunifu wenyewe.

Sasa tazama kinachotokea umeme ukikatika. Unahariri faili kwenye diski ya kwanza, 7 inakuwa 9. Jumla inatakiwa ibadilishwe iwe 14, lakini kabla haijaandikwa, giza. Umeme unarudi, kila kitu kinaonekana kizima, unaendelea na maisha. Miezi minne baadaye diski ya pili inakufa. Mashine inachukua 12, inatoa 9, inakuletea 3. Faili iliyokuwa na 5 haikuguswa na mtu usiku ule wa giza, haikufunguliwa hata mara moja, na ndiyo iliyoharibika. Kwenye diski pacha, giza la namna hiyo linaweza kuharibu kile tu kilichokuwa kinaandikwa dakika ile. Haliendi kumdhuru asiyekuwepo. Kweli, mfumo wa faili uitwao ZFS umeliziba tundu hili kwa kutoandika juu ya data ya zamani, na Linux ina njia ya kutunza kumbukumbu ya kilichokuwa kinaandikwa. Lakini visanduku vingi vya bei nafuu vinavyofungwa majumbani havijawekewa lolote kati ya hayo, na UPS inayovilinda, kama ipo, betri yake ilikwisha siku nyingi.

Mapenzi haya ya kutawanya data yalitoka wapi? Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoupa ulimwengu neno RAID. Shida iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya zama zao. Kompyuta kubwa za maofisi zilitumia madiski makubwa ya bei mbaya kama IBM 3380, na wao walitaka kuonyesha kwamba diski ndogo nyingi, za megabaiti 100 kila moja, zingeweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Katika hesabu ya namna hiyo, diski pacha zilionekana anasa, kwa kuwa zilidai mara mbili ya kitu ambacho tayari kilikuwa ghali. Leo diski moja ya terabaiti 8 inabeba mara elfu themanini ya ile ya megabaiti 100. Kikomo cha nyumba leo ni siku ya mshahara: nitanunua lini, ngapi kwa mara moja, na nikiishiwa katikati nitakuwa na nini mkononi. Hesabu ya 1988 haikuulizwa swali hilo, na haikuwa na sababu ya kulijibu.

Nimeyajua haya kwa gharama kubwa. Nafanya kazi ya kurekodi harusi na sherehe, na miaka kadhaa iliyopita nilifungiwa kisanduku cha diski nne kwa ushauri uleule. Nne zote zilinunuliwa siku moja, duka moja, namba zake zikifuatana kama tiketi za basi. Mwaka wa tatu, mwezi wa joto kali, taa moja ikageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa. Sikutishika. Nilinunua diski mpya, nikaipachika, kazi ya kujenga upya ikaanza. Asilimia 3. Asilimia 9. Kujenga upya kwenye RAID 5 kunailazimu mashine isome kila sehemu ya diski zote zilizobaki, na tatu zilizobaki zilikuwa na umri uleule na uchovu uleule wa ile iliyokufa. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Asubuhi, kwenye asilimia 61, nikasikia mlio ambao sitausahau: tak, tak, tak, kimya, kisha tena tak, tak, tak.

Nikabaki na diski mbili nzima kabisa mkononi, hazina hata dosari moja, na sikuweza kutoa humo hata picha moja. Kila faili ilikuwa imekatwa vipande na kusambazwa kwenye zote. Nilichokuwa nacho ni vipande vya kila kitu, na kizima hata kimoja hakuna. Harusi za watu nilizokuwa nimeshazikabidhi zilikuwepo kwa wenyewe, Mungu alisaidia. Lakini kulikuwa na saa sita za sauti ya babu yangu akisimulia alivyofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, nilizomrekodi mwaka mmoja kabla hajafariki. Hizo hazipo tena popote duniani.

Mtu ataniambia: kosa lako ni kukosa bekapu, RAID si bekapu. Ni kweli, na kila fundi analijua neno hilo. Lakini niulize, fedha ya bekapu ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye diski ya tatu na ya nne. Ushauri unaomdai mtu diski nne siku ya kwanza umekula fedha ya nakala ya pili kabla hajafika nyumbani, halafu unamlaumu kwa kutokuwa nayo. Nafasi yangu ilikuwa terabaiti 12 na mpaka siku ile ya msiba nilikuwa sijatumia hata 4. Kwa fedha ileile ningekuwa na jozi moja nyumbani, diski ya tatu yenye nakala kwa dada yangu Morogoro, na bado ningebakiwa na chenji ya diski ya nne. Babu angekuwa anaongea mpaka leo.

Turudi kwenye neno la fundi: "utaongeza baadaye." Hapa ndipo ushauri unapoanguka vibaya zaidi, kwa sababu ndilo jambo lenyewe ambalo mnunuzi ameahidiwa. Kisanduku cha kawaida cha nyumbani kina nafasi nne. Umezijaza zote siku ya kwanza. Baadaye utaongeza wapi? Njia pekee ni kutoa diski za zamani na kuweka kubwa zaidi, moja baada ya nyingine, na kila unapobadilisha moja, mashine inajenga upya kwa kusoma zote zilizobaki. Mara nne. Na kwenye RAID 5 ya kawaida hupati hata gigabaiti moja ya nyongeza mpaka umemaliza kubadilisha ya nne, kwa sababu mfumo unazihesabu zote kwa saizi ya ile ndogo kuliko zote. Yaani ununue diski nne kubwa ndipo ufaidi ya kwanza. Huko si kuongeza, ni kuanza upya kwa fedha kubwa zaidi na hatari mara nne.

Kwenye jozi, unabadilisha mbili na nafasi imekua. Bora zaidi, kama ulianza na jozi moja, nafasi mbili ziko tupu zinakusubiri. Hizo ndizo nondo. Mwaka huu mbili za terabaiti 4, miaka miwili baadaye mbili za terabaiti 8, na wala hazina haja ya kufanana na zile za kwanza. Siku nafasi zitakapojaa, unatoa jozi ndogo na kuweka kubwa, na zile zilizotoka hazijafa: kila moja ina faili zako kamili. Unaweza kuipachika diski moja kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo uleule, ikaamka peke yake. Diski iliyochomolewa kwenye RAID 5 ni chuma kitupu.

Wako watakaonikumbusha kwamba mambo yamebadilika. OpenZFS 2.3, toleo la ZFS lililotoka Januari 2025, limeruhusu kuongeza diski moja moja kwenye RAIDZ, yaani mtawanyo wa ZFS unaofanana na RAID 5, jambo lililosubiriwa kwa miaka mingi. Nimelifurahia, na waliolifanyia kazi wanastahili heshima. Lakini soma masharti yake. Data iliyokuwepo inabaki na mpangilio wake wa zamani mpaka iandikwe upya, kwa hiyo nafasi unayoiona mwanzoni ni ndogo kuliko uliyoitarajia. Ukianza na RAIDZ1, inayostahimili kifo cha diski moja, utabaki na RAIDZ1 hata diski zikifika nane. Huwezi kupanda daraja. Ukishaongeza, huwezi kupunguza. Na bado inakudai nafasi tupu kwenye kisanduku, ambayo ushauri wa nne kwa pamoja umeshaijaza. Mfumo huohuo wa ZFS, kwa upande mwingine, unakuruhusu uanze na diski moja leo na kuipachikia pacha wake mwezi ujao bila kufuta chochote. Hilo limekuwepo tangu zamani, na sijasikia fundi hata mmoja akilitangaza dukani.

Hoja ngumu kuliko zote dhidi yangu ni ya RAID 6, na siikwepi. Kwa diski nne za terabaiti 4, RAID 6 inakupa terabaiti 8, sawasawa na jozi mbili, na inastahimili kifo cha diski zozote mbili. Jozi zangu hazifiki hapo: ya kwanza ikifa, kati ya tatu zilizobaki kuna moja ambayo ikiifuata inaondoka na jozi nzima. Kwenye mizani hiyo RAID 6 inanizidi, na ningekuwa naendesha ofisi yenye diski kumi na mbili na mtu wa zamu usiku, ningeichagua bila kusita. Lakini nyumbani diski nne huondoka pamoja. Huondoka na mwizi, anayebeba kisanduku kizima chini ya kwapa. Huondoka na radi, na bomba la maji la chumba cha juu, na mtu aliyefuta folda akidhani ni nyingine. Filamu ya Toy Story 2 ya Pixar nusura ipotee mwaka 1998 kwa amri moja ya kufuta, na bekapu za studio zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa watengenezaji, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani akiwa na mtoto mchanga. Diski ya ziada iliyo kwenye nyumba nyingine inashinda diski ya ziada iliyo kwenye kisanduku kilekile, na mwenye fedha ya kuhesabu lazima achague moja.

Kuna hoja moja inayotumiwa sana na walio upande wangu, nami sitaitumia. Mwaka 2007 Robin Harris aliandika kwamba RAID 5 itaacha kufaa ifikapo 2009, kwa kuwa watengenezaji hutaja kosa moja lisilosomeka katika kila biti 10 zilizopandishwa kipeo cha 14, yaani terabaiti 12.5 hivi, na kundi kubwa la diski lingekutana na kosa hilo kila linapojengwa upya. Kiwango kile ni dhamana ya mtengenezaji tu, na watu wengi wanakagua makundi makubwa kuliko hayo kila mwezi bila kuona kosa lolote. RAID 5 haifi kwa hesabu ile. Inakufa kwa diski za umri mmoja kulazimishwa kufanya kazi nzito kuliko zote siku ambayo mwenzao amekufa kwa uzee.

Na si kila mfumo wa diski nyingi una ubaya ninaoupinga. SHR ya Synology inachanganya saizi tofauti na kukupa nafasi ya ziada mara tu diski kubwa ya pili inapoingia. Unraid na SnapRAID zinaacha kila faili ikae nzima kwenye diski moja, hivyo msiba ukizidi kipimo unapoteza zilizokufa tu na zilizo hai zinaendelea kusomeka. Mwenye mamia ya filamu anazoweza kuzipata tena, achukue mojawapo ya hizo na aende kwa amani. Kwa kitu ambacho hakiwezi kupatikana tena, nabaki na pacha, tena pacha za mfumo wa ZFS au wa Btrfs, kwa sababu hizo hutunza alama ya uhakiki ya kila kipande. Nakala moja ikioza kimya kimya, mfumo unajua ni ipi na unairekebisha kutoka kwa nyenzake. Pacha za kawaida zikitofautiana, hazijui nani mkweli.

Jambo jingine, na hapa hata wapenzi wengi wa jozi hatukubaliani: usiziunge jozi zako ziwe bwawa moja. Ukiziunga, data inatawanyika tena juu ya jozi zote, na jozi moja ikiondoka inaondoka na nyingine. Unaambiwa ni usumbufu kuwa na sehemu mbili badala ya moja. Mimi nina jozi ya familia na jozi ya kazi, na sijawahi kusumbuka kujua picha ya mama inakaa wapi.

Kuhusu ile nusu "inayopotea", tufanye hesabu kama anavyoifanya mwenye nyumba. Terabaiti 8 kwa RAID 5 ni diski tatu za terabaiti 4. Kwa jozi ni diski mbili za terabaiti 8. Diski ya mezani inayozunguka mfululizo hula wati 5 hadi 8. Moja ikipungua unaokoa yuniti 50 hivi za Luku kila mwaka, na joto linapungua ndani ya kisanduku kilichowekwa nyuma ya kabati. Umebakiwa na nafasi mbili tupu badala ya moja. Ninaposikia kwamba nusu imepotea, nauliza imepotelea wapi, maana naiona pale inazunguka, imebeba sauti na sura za watu wangu wote.

Jumamosi iliyopita nilimfuata jirani yangu, nikamwambia achukue ile fedha twende. Tulinunua diski moja duka la kwanza na ya pili mtaa wa pili, makusudi, ili zisiwe zimetoka kwenye boksi moja siku moja. Za terabaiti 4. Nyumbani tukaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja tarehe na namba yake, tukazipachika, nafasi mbili za chini tukaziacha wazi. Saa mbili usiku simu yenye kioo kilichopasuka ilianza kumwaga picha zake. Mkewe alikuja amembeba mtoto, wakasimama mlangoni wakiangalia majina ya faili yakipita kwenye skrini. Akauliza, "Zikijaa je, kaka?" Nikamwonyesha zile nafasi mbili.

Amesema mwezi wa sita, akipokea fedha ya mchezo, atanunua ya tatu. Hiyo haitaingia kwenye kisanduku. Itakwenda kwa mama yake Tanga.